Kuku niliowatoa kizimbani hawajui kuingia bandani, na jogoo anawachana migongo

BARUA

Ndugu wa safu ya mifugo, hamjambo?

Ninaishi Utawala, Nairobi, katika ploti ya hamsini kwa mia. Nyuma ya nyumba nina uga wa mita 6 kwa 5 hivi, na banda la mbao na mabati la mita 2 kwa 2. Humo nilikuwa na kuku wanne wa kienyeji na jogoo wao, wala hatukuwa na shida.

Siku kumi zilizopita mfugaji mmoja aliwaondoa kuku wake wa mayai kwenye vizimba vya waya ili alete wapya. Walikuwa na wiki 78. Wengi walibebwa na wanunuzi wa nyama. Niliwahurumia nikachukua tisa, naye akaniongezea jogoo mweupe wa mbegu hiyo hiyo. Niliwatia wote kwenye banda langu siku ileile.

Tangu hapo sina amani. Mmoja alikufa siku ya tatu. Nilipomwokota alikuwa mwepesi kama karatasi, na kumbe chakula na maji vilikuwepo. Mwingine tangu juzi amelala ubavu, miguu yote miwili imenyooka, lakini macho yako hai na nikimpelekea chakula anakula. Jioni wale wa kienyeji wanaingia bandani wenyewe, hawa wanabaki wamerundikana kwenye kona ya ukuta wanyeshewe. Wana vipara mgongoni, na majogoo wote wawili wanawapanda mchana kutwa. Mmoja ana jeraha chini ya bawa ninapoweza kuona nyama. Mayai mengine yanatoka laini bila ganda na yanaliwa kabla sijafika. Chakula ninachowapa ni mahindi na mabaki ya jikoni, kama ninavyowapa wale wangu.

Na jirani amelalamika mara mbili kuhusu majogoo kuwika saa kumi alfajiri. Baba watoto anasema niwachinje wote yaishe. Sitaki kuwachinja. Nifanyeje?

Mwenye Huruma, Utawala

JIBU

Dada yetu, pole kwa yule aliyekufa. Wanane waliobaki bado wana nafasi nzuri, lakini kuna mambo ya kufanya leo, kabla jua halijazama.

La kwanza ni majogoo. Watoe wote wawili kwa wale kuku wa gredi, yaani hawa wa mayai uliowatoa kizimbani. Usingoje kesho. Jogoo akimpanda kuku hushika mgongo kwa kucha na kujisawazisha kwa miguu. Manyoya ndiyo yanayoilinda ngozi. Kuku mwenye kipara hana kinga hiyo, na ngozi ya ubavuni, pale chini ya bawa, huchanika kama mfuko wa nailoni. Wengi watakuambia uwaache, watapangana wenyewe. Kwa kuku wa kienyeji waliokulia pamoja huenda ikawa hivyo. Kwa hawa, wenye mifupa dhaifu na ambao hawajawahi kuwa na mahali pa kukimbilia, ni kuwaacha waumizwe.

Yule mwenye jeraha msafishe kwa maji ya uvuguvugu yenye chumvi, nusu kijiko cha chai kwa nusu lita, kisha paka ayodini. Mtenge peke yake kwenye kreti au boksi safi hadi pakauke, maana kuku akiona wekundu hudonoa, na akishaonja damu hamwachi mwenzake. Fungua manyoya ya pembeni utazame asubuhi na jioni: nzi hawachelewi kutaga kwenye kidonda, na funza wakiingia chini ya ngozi kazi inakuwa kubwa. Jeraha likiwa refu kuliko kidole, mwite daktari wa mifugo alishone.

Sasa huyu aliyelala. Jinsi ulivyomweleza, macho hai, hamu ya kula ipo, miguu yote imenyooka, ndivyo anavyokuwa kuku wa kizimbani aliyeishiwa kalsiamu. Ganda la yai moja lina takriban gramu 2 za kalsiamu. Kuku wa mbegu hizi hutaga mayai zaidi ya 300 kwa mwaka, kwa hiyo mwilini mwake, ambao wote una uzito wa kilo 2 hivi, zimepita zaidi ya gramu 600. Chakula kisipotosha, anachota kwenye mifupa yake mwenyewe. Na kwa kuwa hakuwahi kutembea wala kuruka, mifupa hiyo haikupata kukomaa vizuri. Ukaja wewe ukampa mahindi, ambayo karibu hayana kalsiamu kabisa, na bado yai la kesho lilikuwa linadai ganda. Tunakuambia hili wazi kwa sababu ndilo kosa linalofanywa na karibu kila mtu mwenye huruma kama yako: kuwalisha kama kuku wa kienyeji.

Mlaze juu ya maranda makavu yaliyojaa, ubavuni mwake uweke taulo iliyokunjwa ili akae kifua chini badala ya kulala chali au upande. Maji na chakula viwe umbali wa mdomo. Mgeuze mara tatu kwa siku asichubuke. Nunua kwenye agroveti, duka la dawa za mifugo, kalsiamu ya maji yenye vitamini D3 ya kuku, umpe kwa kipimo kilichoandikwa kwenye kibandiko, na asubuhi akae juani nusu saa penye kivuli karibu. Mweke mahali anapowaona wenzake. Kuku aliyetengwa kabisa huacha kula. Wengi wa namna hii huanza kusimama ndani ya siku nne hadi saba. Kwanza lakini mpapase mapaja na mabawa taratibu: ukisikia mfupa unacheza au unakwaruza, umevunjika, na hapo ni daktari. Na ukiona mguu mmoja umeelekea mbele na mwingine nyuma, hiyo si kalsiamu, huenda ni ugonjwa wa Marek, ambao hauna tiba. Wiki ikipita bila nafuu, au akikataa kula, kumpumzisha kwa mkono wa daktari ni huruma pia.

Kwa wote wanane, kuanzia leo: mashi ya kuku wa mayai, chakula cha unga, ile yenye protini asilimia 16 hadi 17 na kalsiamu asilimia 3.5 hadi 4. Gramu 120 kwa kila kuku, yaani wanane wanataka karibu kilo moja kwa siku. Pima kwa mizani mara moja, uweke alama kwenye mkebe, basi. Usikisie, kwa sababu mkebe uliojaa mashi una uzito mdogo kuliko mkebe uliojaa mahindi. Mahindi yawe konzi moja ya jioni tu kwa kundi zima, na yasiwe na ukungu hata kidogo. Sumukuvu huua ini la kuku kabla hujaona dalili, na mahindi ya bei rahisi yanayouzwa "ya kuku" mara nyingi ndiyo yaliyokataliwa na watu. Mabaki ya chumvi na mafuta acha. Maganda na kokwa za ovakado usiwape kabisa, ni sumu kwa ndege.

Pembeni weka bakuli la kalsiamu ya punje kubwa: maganda ya chaza yaliyovunjwa, au maganda ya mayai uliyoyachemsha dakika kumi, ukayakausha na kuyavunja yawe kama punje za mchele. Liwe kamili kuanzia saa tisa alasiri. Ganda la yai hujengwa zaidi usiku, na punje kubwa huyeyuka polepole tumboni hadi usiku wa manane, wakati chokaa laini imekwisha pita. Chokaa iwe ya mifugo kutoka agroveti. Ile ya kupaka ukuta inaunguza, isikaribie banda. Na weka changarawe ndogo kwenye kibakuli kingine: kizimbani walikula unga tu, hawakuhitaji mawe ya firigisi, lakini sasa wanang'oa majani. Majani marefu bila changarawe hujikunja kwenye gole, ule mfuko wa chakula chini ya shingo, likafunga. Sukuma wiki ifunge fundo uitundike kimo cha kichwa, au ukate vipande vya sentimita mbili.

Kuhusu mayai laini, tatizo litapungua kalsiamu ikishaingia, wiki mbili au tatu. Kwa sasa okota asubuhi na saa nane mchana, usiache ganda lililovunjika bandani, na weka yai la plastiki au la mbao kwenye kiota. Akilidonoa mara kumi bila kupata kitu, ataacha. Akikaa kiotani kutwa anasukuma bila yai kutoka, mtumbukize sehemu ya nyuma kwenye beseni la maji ya uvuguvugu dakika 20, umkaushe, umpe kalsiamu, umwache gizani. Ikipita siku nzima, daktari.

Yule aliyekufa siku ya tatu alikuwa mwepesi, na chakula kilikuwepo. Huenda hakujua kunywa. Kizimbani maji hutoka kwenye chuchu ndogo ya chuma juu ya kichwa. Kuku hunyanyua shingo akagonga. Beseni lililo chini, kwake, si maji, ni kitu kinachong'aa. Asiyekunywa hali mashi kavu. Leo usiku, wakiwa wametulia, papasa gole la kila mmoja, pale chini ya shingo upande wa kulia: lililojaa ni kama limau, laini lenye uzito. Lililo bapa, huyo hajala. Kesho asubuhi mchukue, chovya kidole kwenye maji, uache tone lining'inie mbele ya mdomo wake. Akiligonga, shusha kidole taratibu hadi ncha ya mdomo iguse maji ya beseni. Usimzamishe pua. Mara tatu nne anajua, na wenzake wanamwiga. Maji yawe na kina cha sentimita tatu tu. Ukipata zile chuchu agroveti, funga moja kwenye ndoo ndogo iliyoinuliwa, ikae kando ya beseni wiki nzima.

Tazama na midomo yao. Wengi hukatwa ncha ya juu wakiwa vifaranga, na mdomo uliokatwa hauokoti punje moja juu ya saruji. Utamwona anadonoa, anadonoa, punje iko palepale. Ndiyo maana ukiwatupia chakula chini, wako wa kienyeji wanamaliza na hawa wanabaki na njaa. Chakula kiwe ndani ya chombo, kina cha sentimita tano. Mdomo huo huo ndio wa kujichambulia chawa, kwa hiyo watakuwa nao wengi. Inua manyoya chini ya mkia: mayai ya chawa hushikana kwenye mashina ya manyoya kama punje za sukari. Tia unga wa dawa ya chawa wa kuku, rudia baada ya siku kumi, kwa kuwa dawa haiui mayai yake. Beseni pana la udongo mkavu na majivu ya jiko la makaa, nusu kwa nusu, waoge wenyewe. Siku ya kwanza watalisimamia tu. Siku ya tatu au ya nne mmoja ataanguka ubavu na kuanza kurusha vumbi.

Kulala nje kwenye kona si ukaidi. Kizimbani taa huzimwa na kuku hulala pale aliposimama, hajawahi kurudi nyumbani. Utawafundisha kwa kuwabeba. Saa kumi na mbili na nusu jioni, giza linapoanza, mchukue mmoja mmoja kwa mikono miwili juu ya mabawa, kiganja kimoja kipite chini ya kifua. Usimshike miguu, usimbebe kichwa chini, mifupa hii huvunjika kwa jambo hilohilo. Mpitishe mlangoni akiwa anatazama mbele, umweke juu ya maranda. Kurunzi au balbu ndogo ndani dakika kumi, nje kukiwa na giza, husaidia: kuku hufuata mwanga. Kwa kawaida wiki moja hadi mbili inatosha, watatu wanne wanaanza na wengine wanafuata. Wakinyeshewa na vipara vile, usiku wa Nairobi unaua, na ikifika Julai zaidi.

Banda lako la mita 4 za mraba linatosha kuku kumi na tatu, si zaidi. Ligawe kwa wavu wa kuku, theluthi mbili kwa wageni, theluthi kwa wa kienyeji, waonane bila kugusana. Sakafuni maranda sentimita 10, siyo vumbi la mbao, ambalo hula wakavimbiwa. Gogo la kulalia liwe mbao ya mbili kwa mbili iliyopigwa randa kingo, sentimita 15 tu kutoka sakafuni. Usiwatie kwenye ngazi ya kienyeji: kuruka chini kutoka mita moja huvunja mfupa wa kifua. Baada ya miezi miwili inua hadi 40 na uweke ubao wa kupandia. Kiota kimoja cha sentimita 30 kwa 30 kwa kila kuku wanne, kwenye kona yenye giza.

Udongo wenu wa Utawala ni ule mweusi usiopitisha maji, na hapo ndipo hatari nyingine inapoanza. Kuku aliyelelewa juu ya waya hajawahi kukanyaga kinyesi, kwa hiyo mwili wake haujazoea vijidudu vya koksidia wala minyoo. Akishuka kwenye tope, huugua kama kifaranga ingawa ni mkubwa. Siku ya tano hadi ya kumi ndiyo ya kuangalia, na ndiyo uliyopo. Ukiona kinyesi chenye damu, manyoya yamesimama, kuku amejikunyata, anza dawa ya amproliamu kwenye maji kwa kipimo cha kibandiko siku tano hadi saba, na usiwape maji mengine. Mwaga kokoto na mchanga mahali wanapokanyaga zaidi, chimba mtaro wa kutoa maji, geuza maranda kila siku mbili, yaliyolowa yatoke. Dawa ya minyoo wape baada ya wiki mbili wakishapata nguvu, na usile mayai hadi muda ulioandikwa kwenye chupa upite.

Uliwachanganya siku ileile, hilo limepita, ila sasa walio hatarini ni wale wanne wako. Kuku wa mashamba huchanjwa mara nyingi na wanaweza kubeba vijidudu bila kuugua. Uliza kwa mfugaji walichanjwa nini na lini. Wote wakiwa wazima, wachanje kideri, ule ugonjwa wa Newcastle; KEVEVAPI, taasisi ya serikali ya chanjo za mifugo, hutengeneza chanjo hiyo hapa nchini. Ukiitia kwenye maji, klorini ya maji ya bomba huiua: tumia maji yaliyokaa usiku kucha bila kufunikwa, ongeza gramu 2 za maziwa ya unga yasiyo na mafuta kwa lita, wanyime maji saa mbili, kisha wamalize chanjo ndani ya saa mbili. Rudia kila miezi mitatu. Na akifa mwingine, usimtupe wala usimpe mbwa. Mtie kwenye mifuko miwili, kwenye friji bila kugandisha, umpeleke siku hiyo au kesho yake Kabete, kwenye maabara kuu ya mifugo au kitivo cha udaktari wa mifugo cha Chuo Kikuu cha Nairobi, wampasue. Utajua jibu badala ya kubahatisha dawa.

Usiwashe balbu ili watage. Shambani huongezewa mwanga hadi saa 16. Kwetu jua ni saa 12 tu mwaka mzima. Mwanga ukipungua watapukutisha manyoya na kuacha kutaga kwa wiki 8 hadi 12, na hilo ndilo pumziko lao. Manyoya mapya ni protini karibu tupu, kwa hiyo wakati huo ongeza konzi ya omena iliyosagwa au funza waliokaushwa mara tatu kwa wiki. Mwambie baba watoto kwamba baada ya pumziko watataga tena, si kama zamani, bali mayai matatu manne kwa wiki. Hawaishi miaka mingi. Magonjwa ya mfuko wa mayai ndiyo yanayowamaliza wengi. Lakini kuku aliyekwisha kuota manyoya, anayekimbilia mlango wa jikoni akisikia sahani, si mzigo kwa nyumba yoyote.

Tunamalizia majogoo. Kuku kumi na wawili wanatosha jogoo mmoja, na yai la kula halihitaji jogoo kabisa. Tafutia huyo mweupe nyumba yenye nafasi, nje ya mji. Anayebaki mlaze kwenye sanduku la mbao la sentimita 60 kwa 60, urefu 45 hivi, maranda chini, matundu ya hewa pembeni karibu na sakafu. Jogoo huwika kwa kunyoosha shingo juu. Dari ikiwa fupi na ndani giza, sauti hupungua sana. Aingie usiku, atoke saa moja asubuhi, si baadaye, maana ndani hakuna maji. Zile kamba za kumfunga jogoo shingoni asiwike zisiingie kwako, zinamkaba. Nairobi ina sheria yake ya kilimo cha mjini ya mwaka 2015, na kuna kanuni za kelele za mwaka 2009 ambazo jirani anaweza kuzitegemea, kwa hiyo mwendee mwenyewe kabla hajaenda kwingine. Mweleze kwamba jogoo mmoja anaondoka na mwingine atalala sandukuni, umpe na namba yako ya simu.

Jogoo arudi kwa kuku wa gredi migongo yao ikishafunikwa manyoya, mara nyingi wiki ya nane au zaidi. Kwanza mkate ncha kali za makucha na umsugue kipi, ule mwiba wa nyuma ya mguu, kwa tupa. Mpe chakula chake cha kukuzia, kwa sababu kalsiamu nyingi ya mashi ya mayai humchosha figo. Toa wavu jioni moja ya Jumamosi, ili Jumapili kutwa uwepo nyumbani. Weka vyombo viwili vya chakula na viwili vya maji mbalimbali, na ubao ulioegemezwa ukutani wa kujificha nyuma yake. Kufukuzana siku mbili tatu ni kawaida. Ukiona damu, wavu urudi siku kumi.